Kati ya Kusimama na Kulala

Kwii-kwaa. Kwii-kwaa. Kamba zilisugua boriti katika giza la alfajiri, zikatulia, na baada ya utulivu huo ikaja sauti ambayo Eneldo alisafiri kutwa nzima akiomba asiisikie: mtoto anatapika.

Alipowasha tochi, dada yake Otilia alishafika kwenye bembea ya kulalia, mkono mmoja kwenye paji la uso la bintiye Yuleima, mwingine umeshika bakuli.

“Umesikia kwa masikio yako,” Otilia alisema. “Kila kukicha ni hivi. Hospitali wakimlaza, anacheka, anawaimbia manesi. Naambiwa, mama, punguza wasiwasi. Nikimrudisha huku Guajira, haya.”

“Labda ni maji ya kisima.”

“Maji ya kisima ndiyo yaliyokulea wewe na kichwa chako kigumu.”

Yuleima alizaliwa na maji yaliyozidi kichwani. Nyuma ya sikio, chini ya ngozi, madaktari walimwekea valvu ndogo, kilango cha kupimia maji, na mrija wa kuyateremsha maji hayo hadi tumboni. Valvu hiyo aliichora Eneldo mwenyewe, kule mjini Barranquilla. Aliyapitisha maji ndani yake kwenye kompyuta, akiyafuata kwa rangi tone kwa tone, kabla haijatengenezwa ya kushikika. Alijivuna mbele ya maprofesa. Tena kwa Wawayuu, kabila lao, mtoto ni wa ukoo wa mama, na anayemjibia ni mjomba. Valvu yake, mpwa wake. Na Jumatatu daktari alitaka kumpasua tena aitoe.

Jua lilipopanda Yuleima alipata nafuu, kama kawaida yake. Eneldo akatoa mkobani mfano wa valvu, wa plastiki angavu, mkubwa kama kidole.

“Unaona hii gololi? Ukisimama inadondoka, inaziba tundu, maji yasikukimbie kichwani. Ukilala inabingirika pembeni, yanatoka taratibu.”

“Inajua kama nimelala?”

“Inajua. Mjomba wako ameifundisha.”

“Mwongo wewe!”

“Haya, ijaribu.”

Yuleima akasimama wima, mfano sikioni. Tik! Gololi ikaziba. Kisha akajitupa kwenye bembea, akajinyoosha kwa raha zake. Gololi ikabingirika pembeni.

“Mjomba, hapa nimelala au nimesimama?”

Eneldo alifungua kinywa amjibu, kisha akaitazama bembea upya. Kichwa juu, kitovu chini kule bembea ilikobonyea, miguu juu tena. Gololi ilikiona kichwa kimeegama, ikadhani mtoto yuko chali. Kumbe tumbo, huko chini, lilikuwa likiyavuta maji usiku kucha, kama mlanguzi anavyonyonya petroli kwa mpira, hadi yakapungua mno kichwani na alfajiri mtoto akatapika. Na kwenye kompyuta yake aliwachora watu wawili tu, mmoja wima, mmoja amenyooka kama ubao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa Mwayuu. Na mchoraji mwenyewe alizaliwa ndani ya bembea!

“Basi alale kitandani,” alisema upesi, aibu ikimchoma.

Otilia alicheka bila furaha. “Kitandani hulala mgonjwa na mgeni. Ndoto za kwetu huja bembeani; akilala huko ataota ndoto za nani? Wewe tangu uhamie mjini, umewahi kuamka na ndoto ya kutusimulia?”

Hakuwahi.

Akaokota uzi wa kufumia wa dada yake, akapima pale bembeani sikio la Yuleima liko juu ya kitovu kwa kiasi gani, akafungua kompyuta mapajani. Akamchora mtu wa tatu, aliyepinda kama mwezi mchanga. Feni za kompyuta zikavuma, Yuleima akiipepea kwa kofia isizimie kwa joto. Maji yakatokea mekundu, rangi ya kasi iliyozidi, yakiporomoka mrijani. Eneldo akaikaza, mle kompyutani, springi ya valvu, ile ambayo daktari anaweza kuizungusha kwa sumaku juu ya ngozi, bila kisu. Bado mekundu. Akaikaza tena. Akakosea, akaikaza mno, yakagoma kutoka kabisa. Akailegeza. Mchana ulikuwa umekwisha yalipotulia kuwa ya kijani kwa wote watatu, wa wima, wa chali, na huyu wa bembea.

Akampigia daktari.

“Si mumnunulie kitanda tu, kijana?”

“Daktari, huku mtu analala hivi tangu anapozaliwa mpaka anapozikwa. Siwezi kuunyoosha ukoo mzima ili utoshe kwenye valvu yangu. Valvu ndiyo itakayopinda!”

“Nitumie hizo picha. Yakiwa ni hayo, Jumatatu tutaanza na sumaku. Isipofaa, nitapasua.”

Yuleima alikuwa amesikia yote. Akajishika nywele, ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zimefikia kusukika.

“Wataninyoa tena?”

Ingekuwa rahisi kusema hapana. Eneldo akaingia kwenye bembea, akamlaza kifuani, akaligusa kovu la nyuma ya sikio kwa midomo yake.

“Sijui, mama. Sumaku inaweza kutosha, inaweza isitoshe. Lakini nakuahidi, na mama yako ananisikia: hakuna atakayekigusa kichwa chako tena, hata mimi, kabla hajajua unalalaje.”