Glavu ya Vidole Viwili

"Hiyo ni alama ya nani?" Jackson aliuliza, akiielekezea fimbo glavu niliyokuwa nimeibana mdomoni.

Kama ningefungua mdomo kumjibu, pumzi yote ingetoka, na pumzi hiyo nilikuwa nimeitafuta tangu asubuhi.

Ilikuwa Novemba 1991, wodi ya wanaume, Eldoret. Mwaka mmoja kabla, saratani ya mfupa ilikuwa imenipokonya mguu wa kushoto. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilidhani tumemalizana. Kisha picha ya kifua ikaonyesha madoa matatu kwenye mapafu.

Daktari Opiyo, aliyekuja kutoka Nairobi mara moja kwa mwezi, alisema angenipasua kifua na kuyatoa, ila mapafu yangu yamwonyeshe kwanza kama yatahimili. Akanipa glavu ya mpira. "Ipulize mpaka vidole vyote vitano visimame, Jumatatu nikupasue. Visiposimama, sithubutu."

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Glavu ilikuwa imeoshwa mara nyingi, na vidole vitatu vimegandana. Vilivyosimama ni viwili tu, vimeachana vizuri, kama alama waliyoinua watu waliokuwa wakikamatwa kwa kudai vyama vingi. Wanangu wakisikia kwamba vidole viwili viliweza kumpeleka mtu ndani, hudhani natia chumvi.

Jackson alikuwa kijana wa chama tawala, yuthwinga, mwenye beji kifuani. Alikuwa amekuja kumwona kaka yake, jirani yangu wa kitanda, aliyevunjwa mguu na trekta.

"Nauliza! Chama ni moja, kidole ni moja!"

"Wewe Jackson, huyo ni mgonjwa," kaka yake akasema.

"Hata wagonjwa wako na siasa. Kijana, twende utaelezea OCS."

Ningeenda kituo cha polisi leo, kesho Daktari angekikuta kitanda kitupu. Nikafumba macho, nikapuliza. Sijui pumzi ile ilitoka wapi. Vidole vikabanduka kwa mlio, kimoja, kingine, mpaka gumba.

Sista Nanzala, muuguzi wa zamu, akapiga makofi. "Vitano! Wanyoike, kesho unapasuliwa!"

Jackson akarudi nyuma hatua moja. "Vyama vitano?"

Wodi nzima ilicheka, wengine wameshika mishono yao. Jackson akaondoka bila kuaga.

Nilipasuliwa, madoa yakatoka yote matatu. Siku ya pili, ubavu ukiniwaka moto, Sista aliniletea glavu mpya. Nikapuliza, kikasimama kidole kimoja tu.

"Leo wewe ni mwanachama mzuri," akasema. Kucheka kuliniuma kuliko kisu.

Cha pili kilisimama wiki iliyofuata, saa chache baada ya redio kutangaza kwamba vyama vingine vitaruhusiwa. Jackson alikuwepo, bila fimbo, bila beji. Aliitazama glavu. Kwa mazoea ya woga, nikaificha chini ya blanketi.

"Usiifiche," akasema polepole. Akavuta kiti, akakaa karibu nami. "Puliza. Bado vitatu."