Gari la Damu

Tangu asubuhi Mshonaji alikuwa kwenye benchi la mbao katika kituo cha utafiti, tumbo la miezi minane limemlalia mapajani, miguu imevimba hata kandambili zimemchora. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana jioni. Ndivyo utafiti ulivyotaka: uje na njaa, utolewe damu, unyweshwe maji ya sukari yanayochefua, ukae, utolewe tena. Wakubwa walitaka kujua mwili wa mjamzito unaifanyia nini sukari. Yeye alitaka kujua jambo moja tu, kama mtoto huyu atafika, maana wa kwanza hakufika.

Mama mkwe wake ndiye aliyemshawishi ajiunge. "Watu wa utafiti wana mashine," alimwambia. "Huko kwingine utapigwa danadana mpaka uzae njiani." Na kweli mashine zilikuwepo, kila moja imefunikwa kitambaa safi kuliko shuka za wodi yoyote aliyowahi kulalia.

"Daktari," Mshonaji alimwambia mtafiti alipopita, "kichwa kinanigonga. Naona vimulimuli."

"Ni njaa, mama. Imebaki damu ya mwisho tu."

"Si njaa. Njaa naijua."

Mtafiti akatabasamu. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliokuwa ukimkera Mshonaji. Hakuwahi kumkaripia mtu, wala hakuwahi kumsikiliza.

Mama mkwe, aliyeketi kando yake, akatoa kipande cha mkate mfukoni. "Kula, mkamwana. Vipimo vyao watapima kesho."

"Bibi, akila ameharibu kila kitu," mtafiti alisema. "Itabidi aanze upya wiki ijayo."

Mkate ukarudi mfukoni. Miaka yote Mshonaji ndiye aliyewapima watu, kifua, kiuno, mabega, akiwaambia wasimame wima wasitikisike, nao wakatii. Sasa alinyoosha mkono kwa utii uleule, akamchukia mtafiti, akajichukia na yeye.

Sindano ilipotoka alijaribu kusimama. Maumivu yakambana chini ya mbavu, akayatapika yale maji ya sukari sakafuni. Muuguzi akamvisha mkanda wa presha, akasoma, akapima tena asiamini.

"Daktari, presha imepanda vibaya. Huyu anatakiwa hospitali kubwa sasa hivi."

"Basi aende. Mwandikie rufaa."

"Aende kwa miguu?"

Nje, gari jeupe lilikuwa linanguruma. Dereva alikuwa akipakia sanduku la barafu kwenye kiti cha nyuma, kiti cha watu watatu.

"Si gari lile pale?" mama mkwe aliuliza.

"Lile ni la damu, bibi. Sampuli zinawahi ndege. Zikipata joto, kazi yote imekwenda na maji."

"Hospitali si iko njiani? Mtushushe tu getini."

"Bima hairuhusu kubeba mgonjwa. Sikuitunga mimi sheria hiyo."

"Mlisema mtamwangalia."

"Na tumemwangalia. Lakini mimi ni mtafiti, bibi, si daktari wa wodi."

Mama mkwe alimkazia macho dereva. Dereva akainama kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Muuguzi alikwisha kupiga simu hospitali kubwa. Gari lao la wagonjwa lilikuwepo, alijibiwa, ila halina mafuta.

Wakamlaza barazani, kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe. Vimulimuli vilikuwa vimejaa machoni, lakini katikati yake Mshonaji alimwona dereva akivuta mkanda wa kiti, akaupitisha juu ya sanduku lenye damu yake, akaufunga, akautikisa kuhakikisha umeshika. Hakuwahi kuona kitu kikitunzwa hivyo. Alitaka kusema, na ulimi ukawa mzito.

Mtafiti akapanda mbele, akateremsha kioo.

"Pole sana, mama. Ukipata nafuu, usisahau wiki ijayo. Na uje bila kula."

Geti likafunguliwa, gari likatoka polepole ili sanduku lisirukeruke. Mama mkwe akautoa mkate mfukoni, akaumega, akamsogezea mdomoni.

"Kula sasa, mwanangu. Wameondoka."

Mwili wa Mshonaji ulikuwa umekakamaa, meno yameshaumana.