Doa la Mwaka Hamsini na Nne

Ingrid Pacheco alishuka kwenye ghala langu akiwa na karatasi moja na kikombe cha kahawa. Kahawa nikamwambia aiache nje. Zamani anga ilipigwa picha juu ya vioo, na hapa kwenye kituo chetu cha nyota, kaskazini mwa Arizona, tunavyo vioo elfu kumi na tatu. Mtunzaji ni mimi.

"Mzee Walt, nimekuletea kazi," akasema.

Mwaka uliotangulia aligundua kisayari cha barafu, mbali kupita Neptuni. Kilikwenda polepole mno hata miezi kumi na minne ya kukifuata haikutosha kujua kama kinalizunguka jua kwa miaka mia tatu au mia tisa. Alihitaji picha ya zamani ambamo kilinaswa bila mtu kujua. Hesabu zake zilielekeza kwenye vioo vya Oktoba 1954.

Siku ya tatu tukakipata: doa dogo, na kulizunguka kiduara cha wino mwekundu kilichofutwa nusu. Nikafungua daftari la mwaka ule. Mpimaji wa vioo aliandika, "Kimesogea. Kiangaliwe tena." Chini yake, kwa kalamu nene ya msimamizi: "Uchafu."

Mpimaji aliitwa Bernadine Tollefson. Tulimkuta mjini Winslow, mwendo wa saa moja kwa gari, ana miaka sabini na sita na banda la kuku. Alituketisha jikoni, akatupa maharage na mkate wa mahindi. Ingrid akamwonyesha picha na kumweleza yote, maneno yakimtoka mbiombio. Mama yule akaisogeza picha karibu na macho.

"Nilimwambia Haskins, msimamizi wetu, uchafu hausogei," akasema. "Akanijibu kinachosogea ni hicho kilichomo tumboni mwangu. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano."

"Ukamwambiaje?" Ingrid akauliza.

"Nilicheka. Chumba kizima kilicheka, nami nikacheka. Ijumaa ile nikaacha kazi."

Ingrid aliweka kijiko chini. Akasema jina la mama litaandikwa kwenye ripoti, hata mbele ya lake akitaka.

"Mbele kwa nini? Wewe umekitafuta, mimi nilikiona tu." Kisha akanigeukia. "Wewe, lile daftari bado unalo?"

"Ninalo."

"Nataka kulifuta lile neno."

Nikamweleza kwamba daftari la ghala halifutwi. Likiwa na kosa, linabaki na kosa lake. Nimewakatalia mpaka wakurugenzi.

"Na wino wangu kwenye kioo ulifutwa na nani? Panya?"

Nikamgeukia Ingrid, naye hakunisaidia. Alikuwa anautazama mkate wake. Mwishowe nikasema hawezi kufuta, lakini anaweza kuandika.

Alhamisi nikaenda kumchukua. Alishuka ngazi za ghala polepole, ameshika ukuta. Nikampa penseli, akairudisha, akaomba kalamu. Nikampa kalamu. Chini ya neno la Haskins akaandika, "Si uchafu," akatia jina lake na tarehe ya siku ile.

Nilidhani tumemaliza, lakini alibaki ameinamia ukurasa, akipitisha kidole kwenye tarakimu zake.

"Hapa nilikosea," akasema. "Hii ni tatu, nimeandika nane."

Ingrid akachungulia. Yeye alikuwa amekipima kioo upya, na kweli, yake ilikuwa tatu. Alikuwa analijua kosa lile wiki nzima na hakuthubutu kumwambia.

"Haskins hakuliona," mama akasema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue. "Alikuwa na nafasi nzuri ya kunikamata, akaipoteza."

Akalisahihisha pembeni, bila kufuta.

Kwa kioo kile njia ya kisayari ilijulikana: miaka mia tano na sabini kulizunguka jua mara moja. Masika kikapewa namba rasmi. Ingrid alimpigia simu mama achague jina, naye akasema atafikiri, na hadi leo anafikiri.

Alhamisi ile, nikimrudisha nyumbani, aliomba tusimame dukani anunue chakula cha kuku. Nilitaka kumbebea gunia. Akaniambia nifungue tu mlango wa gari.