Nafasi ya Wifi

Kwa miaka kumi na saba alishona sare za shule dukani kwa wifi yake. Alipoaga kwamba anakwenda kufanya kazi kwenye maabara ya mwanga, wifi mtu hakulia wala hakugomba. Alikifunika kiti chake cha cherehani kwa kitambaa cheupe, akasema kitamsubiri. Kuna maneno ya upole yanayochoma kuliko tusi, na hayo yalikuwa ya aina hiyo.

Kazini walimpachika jina la Sindano. Walimchukua kwa ajili ya mikono yake, nayo haikuwa mikono ya mchezo. Kazi yenyewe ni hii: kuna chipu, kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na ndani yake mwanga hupita kwenye njia nyembamba ambayo macho matupu hayaioni. Mwanga huo sharti utoke kwenye chipu uingie kwenye faiba, yaani uzi wa kioo, ndipo uweze kusafiri. Sindano aliusogeza uzi mbele ya mlango wa chipu kwa skrubu tatu, jicho kwenye hadubini, mpaka kipimo cha mwanga kifike juu kabisa. Kisha tone la gundi chini ya uzi, kisha taa ya zambarau ya kuikausha. Ugawe unywele mmoja mara sitini; ukikosea kwa sehemu moja tu ya hizo, nusu ya mwanga inapotea bure.

Na ulikuwa unapotea kweli. Ukutani palibandikwa kanuni kwa herufi kubwa: MWANGA UKIFIKA KILELENI, FUNGA. Sindano aliifuata neno kwa neno. Kipimo kilisoma themanini na mbili katika mia, akafunga, gundi ikakauka, kikasoma arobaini na tatu. Vipande ishirini na tatu, vyote hadithi ile ile.

Injinia, mtu wa vyeti vya kujaza kabati, alishapata jibu lake. Alilitoa kwenye kikao, mbele ya wote, kwa adabu sana, huku akiangalia viatu vyake: mikono ya mama huyu inatetemeka. Alhamisi mteja angekuja kuona vipande sita vikifungwa mbele ya macho yake, na kila kimoja kilitakiwa kipitishe sabini na tano au zaidi. Visipofika, kazi ingepelekwa kwa watu wenye roboti, na Sindano angerudi alikotoka.

Alikotoka palikuwa na kiti kilichofunikwa. Hilo ndilo lililomkosesha raha.

Jumanne alasiri, moyo mzito, alipitia dukani. Wifi yake alikuwa amepiga magoti juu ya kitambaa kipya, chaki mkononi, na hakuchelewa kuanza uchokozi wake: eti siku hizi wanashona kwa uzi usioonekana, je, na mshahara nao unaonekana? Sindano alicheka kwa shingo upande. Akaona chaki inapita vidole viwili chini ya kipimo cha sketi. Akauliza, ili mradi tu aulize, kama mtoto mwenyewe amerefuka.

Wifi alimtazama kama anayemtazama mtu aliyesahau jina lake mwenyewe.

"Kazi umeshaisahau, wifi yangu? Kitambaa hiki kikifuliwa kinanywea. Mimi sikati kwa ajili ya leo. Nakata kwa ajili ya kesho kutwa, kikishafuliwa."

Sindano akakaa. Alikaa kwenye kile kiti chake, juu ya kile kitambaa cheupe, bila hata kujua amekaa wapi, akachomoa daftari la kazini. Arobaini na tatu. Arobaini na mbili. Arobaini na nne. Arobaini na tatu. Kurasa nzima hivyo hivyo. Gundi iko chini ya uzi. Ikikauka inanywea, na ikinywea inauvuta uzi chini, kila mara kiasi kile kile. Wifi, masikini, alidhani mtu karudi nyumbani. Alikuwa ameshaanza kumtafutia mkasi wake wa zamani alipogeuka na kukuta kiti kitupu.

Jumatano Sindano alichukua chipu moja kati ya zilizobaki, akaiunganisha na kipimo tu, bila gundi, akaushusha uzi taratibu kutoka kileleni mpaka kipimo kikasoma arobaini na tatu. Akasoma skrubu imezunguka kiasi gani, akaandika. Basi, nafasi ya kuacha ni hiyo, ila iachwe kwa juu. Akamweleza Injinia. Injinia akasikiliza mpaka mwisho, akasema wazo ni zuri, ila chipu zimebaki sita tu na zote ni za mteja, hakuna ya kuchezea. Afuate kanuni ya ukutani.

Alhamisi mteja alifika, mama mmoja wa maneno machache, miwani ikining'inia kifuani. Sindano aliupeleka uzi mpaka themanini na mbili, na Injinia akashusha pumzi. Kisha Sindano akapiga moyo konde, akaanza kuupandisha. Sabini. Hamsini na tano. Arobaini na tatu. Akachukua gundi.

Injinia alisogea, mkono umeshanyooka kumzuia. Sindano hakuinua jicho kwenye hadubini.

"Mkono unaotetemeka hukosea huku na huko, Injinia," alisema. "Wangu umekosea pale pale mara ishirini na tatu. Niache."

Mkono wa Injinia ulibaki hewani. Sindano akatia tone, akawasha taa ya zambarau.

Kipimo kilisimama kwenye arobaini na tatu, kikasimama, kikasimama. Kikaja arobaini na nne. Hamsini. Sitini na tatu, sabini na mbili, sabini na tisa. Mwanga unapanda wenyewe na hakuna aliyeugusa. Themanini na moja, kikatulia hapo. Mteja akavaa miwani.

"Kingine," akasema.

Alivifunga vyote sita, na cha chini kabisa kilisoma sabini na tisa. Furaha ilimjaa, akaondoa jicho kwenye hadubini. Injinia, na hapa tumpe haki yake, hakuangalia viatu.

"Nilikusema mbele ya watu," alimwambia. "Naomba radhi mbele ya watu."

Mteja aliuliza ujuzi ule kausomea wapi. Sindano angeweza kujivuna, na nani angemzuia? Alijibu kwamba ni kwa wifi yake, mshonaji, yeye ndiye anayejua kuacha nafasi. Jioni ile kanuni ya zamani ilibanduliwa, na Injinia akaandika mpya kwa mkono wake: MWANGA UKIFIKA KILELENI, USIFUNGE. PANDISHA UZI, UACHE NAFASI YA WIFI.

Sindano aliipiga picha akaipeleka dukani. Wifi aliisoma kwenye simu, akairudia, akauliza kama wifi huyo ni yeye au mwingine. Akaambiwa ni yeye. Alikiendea kile kiti, akakiondoa kitambaa cheupe, akakikung'uta na kukikunja. Mlangoni palikuwa na mama mmoja amesimama na mtoto wake, wanasubiri kupimwa sare.

"Karibu ukae, mama," wifi akamwambia. "Kiti hiki hakina mwenyewe."