Koti la Baba Mkwe

Wakili wa serikali, binti mmoja aitwaye Conjesta, alimkalisha Loisi kwenye benchi la ofisi akamweleza polepole jinsi kesho atakavyotoa ushahidi. Aseme aliyoyaona tu. Asilolijua aseme halijui. Loisi akawa anaitikia, kovu la panga likimwasha chini ya mkono wa blauzi.

"Sasa mama, ni nani aliyekukata ulipomfumania akichuma kahawa yako?"

"Yule wa mashine ya kusaga."

"Jina lake?"

Loisi akatazama kucha zake. Kule polisi jina alilitaja mumewe. Conjesta akarudia swali, Loisi bado yuko na kucha zake. Wakili akaweka kalamu chini, na macho yake yakabadilika.

"Mama, wamekupa nini?"

Loisi naye akamtilia shaka. Mbona jina limo kwenye jalada, na bado analing'ang'ania kana kwamba katumwa? Siku hizi pale Ihanda hujui nani kala na nani. Juzi tu Rozi, dada wa mtuhumiwa, alikuja na mkungu wa ndizi, akauliza kwa sauti ya asali kama baba mkwe hajambo, na kama atakuja kusikiliza kesi. Ndizi Loisi alizirudisha, lakini swali lile lilibaki nyumbani.

Mwishowe akanong'ona, "Mwanangu, jina hilo ndilo la baba mkwe wangu pia. Tangu niolewe halijapita mdomoni mwangu. Wala hatutazamani usoni."

Conjesta akashusha pumzi. Akasema basi, atamuuliza kama mtu huyo yumo mahakamani, naye atamwonyesha kwa kidole.

Kesho yake Loisi aliingia mahakamani. Benchi la mbele, ubavuni mwa Rozi, ameketi baba mkwe na koti jipya, mikunjo ya dukani haijatoka. Mzee ambaye hata harusini huenda na sweta lililotoboka viwiko! Ndipo alipojua zile ndizi zilikuwa zikitafuta mlango gani.

"Aliyekukata yumo humu?" Conjesta akauliza.

Loisi akavuta kitenge usoni upande wa mzee, akanyoosha mkono wenye kovu.

"Yule pale. Wa mashine."

Benchi la mbele likalia kwa mtu kuinuka. Akasikia mzee anakohoa, kisha nyayo zinaelekea mlangoni. Kama katoka kwa hasira au kampisha mkwewe aseme, Loisi hakujua, wala hakugeuka. Alishika ukingo wa kizimba, akangoja swali linalofuata.