Nne Nukta Tisa

Kwa miaka mitatu tangu ahamie nyumbani kwa binti yake, mzee Baridi hakuwa amekanyaga chumba cha mbele. Aliingilia mlango wa nyuma na kutokea mlango wa nyuma. Jina la Baridi alibandikwa na wateja, maana alitengeneza mafriji miaka thelathini na sita, na lilimganda hata majirani wakasahau lile alilopewa na wazazi wake. Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya binti yake, fundi kompyuta. Akiulizwa mbona haingii, alisema vumbi la humo linamkera. Humo hamkuwa na vumbi hata chembe, na pengine hilo ndilo lililomkera hasa.

Chanzo kilikuwa cha zamani. Binti huyu, akiwa bado anasoma, aliweza kuunga bomba la shaba kwa moto bila kuacha tundu, kazi iliyowashinda vibarua wa baba yake wenye ndevu zao. Mzee akajua mrithi kapatikana. Kumbe msichana alipomaliza shule akaenda chuo kusomea kompyuta. Baba akatamka mbele ya wageni, "Huyu anaogopa kuchafuka." Msichana alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliweka sinia mezani akarudi jikoni, na kuanzia siku hiyo wawili hao walizungumza vizuri tu kuhusu kila kitu, isipokuwa kazi.

Mwaka huu fundi alijiundia kompyuta yake mwenyewe, akiinunua kipande kimoja kimoja. Prosesa yake, yaani ile sehemu inayofanya hesabu zote za mashine, ilipangiwa kiwandani kasi ya gigahezi nne. Yeye alitaka kujua inaishia wapi.

Shangazi yake, dada wa mzee Baridi, alikuwa akiwatembelea kila Jumamosi, na mdomo wake haukuwa na breki. Jumamosi moja alimkuta fundi ameikodolea macho skrini.

"Ulinunua ya nne, unaitaka iwe tano. Si ungenunua ya tano tu, mwanangu, ukatuondolea kelele za hayo mafeni?"

Fundi akacheka. "Shangazi, kiwanda kinatoa prosesa maelfu kwa maelfu. Zote zinaandikiwa namba moja, ile ambayo hata iliyo dhaifu kuliko zote itaimudu. Hii yangu huenda si dhaifu. Hakuna anayejua inaweza nini. Hata walioitengeneza hawajui."

"Na wewe ndiye utakayejua."

"Mimi ndiye."

Shangazi alimtazama kidogo. "Baba yako mtupu," akasema, kisha akaenda zake nyuma kumsalimia kaka yake.

Kazi yenyewe haikutaka haraka. Fundi alipandisha kasi kwa sehemu moja ya kumi ya gigahezi, akawasha mashine, kisha akafungulia programu ya majaribio inayoibebesha prosesa mahesabu mazito saa nzima bila kuipa nafasi ya kupumua. Ikipita, aliandika kwenye daftari: kasi, volti, joto, dakika. Ikiganda au ikikosea hesabu hata moja, aliiongezea umeme kidogo na kuanza upya. Nne nukta moja ilipita. Nne nukta mbili ikapita. Kila siku baada ya kufunga kazi za wateja aliiongeza, na kufikia Ijumaa ya wiki iliyofuata alikuwa kwenye nne nukta sita. Hapo ndipo walipokomea mafundi wenzake wote wa kundi la simu waliokuwa na mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vipande vyote, za bei nafuu kama yake.

Nne nukta saba ikamgomea. Dakika ya ishirini na mbili skrini ikawa nyeusi, mashine kimya. Akaongeza volti. Ikazima dakika ya kumi na tano. Akaongeza tena. Ikazima dakika ya tisa. Na prosesa yenyewe haikuwa imechemka. Ilikuwa nyuzi sabini na sita, mbali kabisa na hatari.

Jumamosi mchana, wakati wa kula, fundi alikataa kuondoka karakanani. Shangazi akampelekea kaka yake habari pamoja na sahani.

"Mwanao hali. Mashine yake inamzimikia. Inafanya kazi vizuri tu, halafu inakata. Ukiipa umeme zaidi inakata mapema zaidi."

Mzee Baridi aliacha kutafuna. "Inakata mapema zaidi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Halafu ikipoa inawaka tena?"

"Sasa hayo mimi nitayajulia wapi? Kamuulize mwenyewe, miguu unayo."

Mzee alitazama chakula chake, akatazama korido. Kwa fundi wa siku nyingi ugonjwa wa mashine ni kama muwasho. Ukishausikia huwezi kuacha kujikuna. Alinawa mikono, akapita korido yote hadi mlango wa chumba cha mbele, akabisha.

"Hodi."

Fundi aligeuka. Akamwona baba yake amesimama kizingitini, kofia mkononi, kama mteja. Aliinuka haraka akamsogezea kiti. "Karibu, baba."

Mzee hakuketi. "Ikizima, unasubiri muda gani ndipo iwake?"

"Dakika tatu, nne. Kabla ya hapo haikubali."

"Basi inajilinda. Kuna kitu kinachemka kinaikata." Akainamia kompyuta iliyokuwa wazi ubavuni. "Friji likikata, kila mtu analaumu kompresa. Mara nyingi kompresa nzima. Anayechoka ni yule mdogo anayempelekea umeme. Huyu mkubwa wako anakula kupitia wapi?"

Fundi akafuata kwa macho njia ya umeme kutoka kwenye waya hadi kwenye prosesa, akaviona vile vipande vidogo vyeusi vilivyojipanga kando yake, vinavyoupunguza umeme na kuugawa. Kwenye mazabodi za bei ya juu hufunikwa kwa bamba la chuma la kutolea joto. Kwenye hii yake vilikuwa uchi.

"Hapa," akasema taratibu. "Baba, umeme wake unapita hapa."

Mzee alikuwa tayari ameshageuka. Alirudi na kipimajoto chake cha waya, kile alichokuwa akikiingiza ndani ya mafriji ya watu. Wakabandika ncha yake kwenye mmoja wa wale wadogo weusi, wakawasha mashine, wakaanzisha majaribio. Themanini. Tisini na tano. Mia na nane. Ilipofika mia na kumi na tano, skrini ikazima.

Fundi akapiga meza kwa kiganja. "Wiki nzima nampima joto mkubwa! Na kila nikimwongezea yeye volti, nawachoma hawa!"

"Hukukosea," mzee akasema. "Ulipima palipokuwa na kipimo."

Wakaanza kutafuta dawa. Mzee alitoa sanduku lake chini ya kitanda, akapata pande la aluminiamu lililotoka kwenye friji la bucha moja lililokufa zamani. Alilikata kwa msumeno wa chuma uani, akachonga mapezi kwa tupa, moja baada ya jingine. Fundi alikaa kando yake na tupa ya pili. Vumbi la chuma likawaingia kwenye nywele na kucha, na mzee akawa anamtupia jicho la pembeni mara kwa mara, kisha anarudi kwenye kazi yake.

Walikosana mara moja tu. Mzee alitaka pande likae moja kwa moja juu ya wale weusi.

"Chuma kwa chuma ndiyo joto linapita vizuri."

"Na umeme pia, baba. Kikigusa miguu ya pembeni tunaunguza bodi nzima. Lazima tuweke ngozi hii katikati." Akamwonyesha kipande laini cha kijivu, kama ufutio. "Inapitisha joto, umeme inauzuia."

Mzee alikichukua, akakibinya, akakivuta, akakinusa. "Kitu kama hiki," akasema, "mimi nilikihitaji miaka thelathini. Mlikificha wapi?" Akakikata mwenyewe kwa wembe, kwa kipimo, bila kupoteza hata milimita.

Jumapili saa nne asubuhi waliwasha. Nne nukta saba: saa nzima, wale weusi nyuzi themanini na moja. Nne nukta nane: saa nzima. Shangazi, aliyelala hapo makusudi, aliacha hata kuuliza chakula. Nne nukta tisa ilitaka volti kidogo zaidi. Prosesa ikapanda hadi themanini na nane, ikasimama hapo, na saa ikatimia bila kosa hata moja. Mzee alishangilia kwa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia ikitoka kwake.

"Tano!" akasema. "Weka tano!"

Fundi aliiweka. Dakika ya thelathini na moja prosesa ikakosea hesabu. Akaongeza volti. Ikakosea dakika ya thelathini na tatu, na joto likagusa tisini na sita.

"Ongeza kidogo tu," mzee akaomba. "Kidogo kabisa."

"Hapana, baba."

"Wale wadogo wamepoa, nimewapima."

"Wamepoa. Safari hii ni yeye mwenyewe. Angalia." Akamsogezea daftari. "Nimempa volti nyingi, amenilipa dakika mbili. Kabla ya hapa, kila nikimpa kidogo ananipa nyingi. Huu ni mwisho wake kweli. Nikizidi hapa simpimi tena, namuumiza."

Mzee alivaa miwani, akasoma mistari yote tangu wa kwanza, kidole kikitembea juu ya namba. Alisoma kwa muda mrefu. Alipomaliza alivua miwani, akaiweka juu ya daftari.

"Vibarua wangu," akasema, "hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandikia kazi namna hii. Wala mimi sijawahi." Akamgeukia binti yake. "Mimi nilisema neno juu yako siku moja. Lile la wageni. Sikuwa na akili."

"Yameisha, baba."

"Hayajaisha mpaka niseme. Sasa nimesema."

Shangazi akajifanya ameona kitu cha maana sana dirishani.

Fundi alipotuma matokeo kwenye kundi la mafundi, hawakuamini. Mmoja aliandika kwamba bodi ile haiwezi, picha imechezewa. Mwalimu wake wa zamani wa chuo hakuandika kitu. Alikuja mwenyewe Jumanne. Aliamkiana na mzee, akaketi mbele ya mashine, akaanzisha majaribio kwa mkono wake na saa yake mezani. Saa nzima hakuinuka. Ilipotimia alichungulia ndani kwa tochi.

"Kipande hiki kimetoka kampuni gani?"

"Kimetoka hapo uani," fundi akasema. "Kachonga baba yangu."

"Tumechonga," mzee akarekebisha. "Mapezi matatu ya kushoto ni yake. Ukiangalia vizuri yamenyooka kuliko yangu."

Wiki mbili baadaye walialikwa chuoni. Wanafunzi arobaini waliijaza maabara, wengine wakasimama ukutani. Fundi alieleza namba, hatua kwa hatua, bila kuficha ile wiki aliyopima mahali sipo. Mzee Baridi, ndani ya suti aliyoivaa mara ya mwisho kwenye harusi ya jamaa, alieleza joto. Alieleza kwamba joto halifutiki, linahamishwa tu, na kazi ya fundi ni kulifungulia mlango. Wanafunzi walimwandika neno kwa neno.

Mwisho, mwalimu aliomba kile kipande cha aluminiamu kibaki kwenye kabati la vioo la chuo.

"Hakiwezi kubaki," mzee akasema. "Kipo kazini." Darasa likaangua kicheko. "Ila nileteeni aluminiamu na tupa kumi, nitakuja Jumatano nikae nao, kila mmoja achonge chake."

Walipokuwa wakitoka, fundi akiwa amebeba kompyuta kifuani, mlinzi wa geti aliwafungulia na kuwaaga kwa adabu. Mzee akasimama.

"Huyu ni binti yangu," akamwambia, ingawa hakuwa ameulizwa. "Nne nukta tisa. Saa nzima, bila kosa."

Mlinzi alidhani ni alama za mtihani. Akampa mzee mkono, akampa na binti. "Hongereni sana," akasema.

"Asante," mzee akajibu, akiwa amenyooka kama askari wa gwaride, na hakumsahihisha.