Prosesa Isiyoruhusiwa Kupumzika

Meneja Tu alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuvumilia kuona kitu kimetulia. Katika mji wa Hsinchu, ofisi nzima huzima taa baada ya chakula cha mchana, kila mtu akasinzia kidogo, kichwa kwenye mto wake mezani. Yeye alipita katikati ya meza akikohoa makusudi, mradi tu wasinzie vibaya.

Huang Pei-shan alikuwa ameandika programu ya kufagia kumbukumbu ya kompyuta. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikikosa kazi, programu hiyo hufuta masalia ya programu zilizofungwa, ili itakayofunguliwa ikute nafasi safi na kuanza mara moja. Ijumaa, mteja wao Bwana Fang angekuja kuijaribu. Akiikataa, jasho la Pei-shan la mwaka mzima linakwenda jalalani, na roho yake ilikuwa juu juu.

Jumatano bosi Tu akachungulia kioo cha kompyuta ya Pei-shan.

"Hii asilimia tisini ni ya nini?"

"Ni muda ambao prosesa haina kazi, bosi."

"Asilimia tisini inalala, na umeme tunalipa?"

"Ndiyo muda wenyewe wa kufagia, bosi."

"Usinichekeshe, binti. Ipe kazi!"

Kwa ukarimu wake, akaipa mwenyewe: programu ya kupima, bila kupumua, prosesa inakaa bure kiasi gani. Kipimo kikala muda wote uliobaki, kisha kikatangaza kwamba hakuna unaopotea. Bosi akafurahi mno, hata akafuta na usingizi wa mchana wa ofisi nzima. Taa zikabaki zinawaka.

"Bosi, tukizime kipimo siku ya Ijumaa tu," Pei-shan aliomba.

"Ili mteja aone uvivu? Thubutu!"

Ijumaa baada ya chakula, Fang akafungua programu moja, akaifunga, akafungua nyingine. Ya tatu ikaanza kujikokota. Ya nne ikagoma kabisa. Masalia yalikuwa yamejaa tele na mfagiaji hakuwa amepata nafasi hata kidogo. Fang akatazama saa yake. Pei-shan alitamani kulia.

Ndipo ukasikika mkoromo. Meneja Tu, siku ya pili bila usingizi aliokuwa akiuiba kule chumba cha mikutano wengine wakiwa wamelala, alikuwa amelala kitini, mdomo wazi.

Pei-shan akanyoosha mkono, akakizima kipimo. Wakasubiri kidogo, mfagiaji afagie. Fang akajaribu tena: programu zikafunguka papo hapo, moja baada ya nyingine.

"Hii naichukua," akasema.

Bosi akazinduka. "Mnaona? Nilisema ipewe kazi!"

"Bwana Tu," Fang akamwambia kwa upole, "wewe endelea kulala. Kazi inakwenda vizuri."